Mwenye Jini Si Jini: Uhakiki wa Michezo Miwili ya Resident Evil

Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya, mama mmoja wa usharika wetu hapa Bariadi alitujia na swali. Mwanawe alikuwa amenunua PlayStation ya mtumba, na kila usiku alicheza gemu moja ambalo watu wanaopigwa risasi ndani yake wanapiga kelele kwa Kiswahili. Usiku wa kwanza mama huyo, akiwa chumba cha pili, alidhani kuna ugomvi uani kwa jirani. Alitaka tumwambie jambo moja tu: aichome ile diski, au aiache?

Hatukumjibu siku ile, maana gemu lenyewe tulikuwa hatujaliona. Tulikwenda nyumbani kwake tukaketi na kijana kwa jioni kadhaa, yeye akicheza, sisi tukitazama na kuuliza. Rafiki yake akatuletea kwenye kompyuta mchezo wa kwanza kabisa wa mfululizo huo, ule wa zamani. Tunakiri kwamba tulikwenda na jibu letu mfukoni. Tulirudi na jibu jingine, nalo ndilo tunaloliandika hapa.

Mfululizo huo unaitwa Resident Evil, nao hutengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani. Mchezo wa kwanza ulitoka mwaka 1996, ukiongozwa na Shinji Mikami. Ule wenye namba tano ulitoka Machi 2009. Yote miwili ni michezo ya kutisha ambamo kazi kubwa ya mchezaji ni kubaki hai. Katika yote miwili yumo Chris Redfield, askari Mmarekani, ingawa katika ule wa kwanza mchezaji anaweza pia kumchagua mwenzake, Jill Valentine. Na yote miwili inasimulia jambo moja: watu wenye tamaa wametengeneza kitu kibaya katika maabara, na kitu hicho kinawageuza binadamu. Kwa hiyo si dhuluma kuilinganisha. Swali tuliloiuliza michezo yote miwili ni hili: yule aliyegeuzwa anatazamwaje?

Tuanze na ule wa 1996. Chris na wenzake wamekimbilia jumba kubwa msituni, nje ya mji wa kubuni wa Raccoon City. Ndani wanatembea maiti. Mtu wa kwetu akiwaona atasema bila kusita kwamba ni misukule. Risasi ni chache. Chris ana nafasi 6 tu za kubebea vitu, Jill ana 8, hivyo kila ufunguo unaookota unachukua nafasi ya dawa. Hata kuhifadhi mchezo ulipofika kunahitaji taipureta na utepe wa wino, na tepe zenyewe ni za kuhesabu. Kila mlango unafunguka polepole gizani kabla hujajua kilichoko upande wa pili. Basi mchezaji hapigi ovyo. Mara nyingi lililo jema ni kumkwepa msukule na kumwacha alipo. Kijana wetu, aliyezoea gemu la tano, alimaliza risasi katika vyumba vya mwanzo, akatugeukia kama mtu aliyefika mnadani hana hata shilingi.

Lakini hofu siyo iliyotugusa zaidi. Katika chumba kimoja kuna shajara ya mtu aliyekuwa akiwatunza mbwa na viumbe wengine wa maabara. Anaanza kama mfanyakazi yeyote: anacheza karata na wenzake, ana manung'uniko yake ya kazini. Siku moja anaamshwa na kuambiwa avae mavazi ya kujikinga. Baadaye anaanza kuwashwa mwili. Siku hadi siku maneno yanapungua na sentensi zinakatika, hadi yanabaki maneno mawili matatu ya mtu asiyejijua tena. Kisha kabati la chumba hicho linafunguka na msukule anakutokea. Hakuna anayehitaji kuambiwa ni nani.

Kijana alipiga, maana ilibidi. Mama yake akasema taratibu, "Maskini, na yeye alikuwa na kazi yake." Jina la mtunza mbwa hatukulijua, lakini habari zake tulizijua, na hiyo ilitosha tusimshangilie aliyemwangusha.

Sasa ule wa 2009. Miaka imepita, na Chris anatumwa Afrika, mahali pa kubuni paitwapo Kijuju, jina linalosikika kama neno juju la filamu za Nigeria lililovishwa ki- ya Kiswahili. Anapokelewa na Sheva Alomar, askari Mwafrika, na watu wawili wanaweza kucheza pamoja, mmoja akiwa Chris na mwingine Sheva. Wenyeji wameingizwa vimelea kwa nguvu kupitia kinywani, na sasa wanashambulia kwa mapanga na mashoka. Gemu linawaita Majini. Kiumbe mmoja arukaye anaitwa Kipepeo, mwingine Bui Kichwa. Ni maneno yetu wenyewe, yamepangwa kama vyombo vya jikoni kwa mgeni.

Tuseme haki: kwa ufundi gemu hili limetengenezwa vizuri, na lina somo jema ndani yake. Chris na Sheva hugawana dawa na risasi, na mmoja akiachwa afe, wote wawili wameshindwa. Tumeona vijana wawili waliokuwa hawasemezani wakilazimika kuitana ili wavuke. Hilo hatulidharau.

Lakini tazama lilivyo pembeni ya lile la kwanza. Hapa risasi si haba. Kila anayeanguka anaweza kuacha risasi au dhahabu, na kwa dhahabu unanunua bunduki bora zaidi. Katika jumba la 1996 kila risasi ilikuwa hasara. Kijuju kuua kunalipa. Na wanaouawa hawatoki kabatini mmoja mmoja baada ya kusomwa habari zao. Wanakuja umati, wakisema lugha tunayoombea.

Tangu picha za kwanza za gemu hili zionyeshwe mwaka 2007, wengi duniani walilalamika kwamba linaonyesha Mzungu akiwafyatulia risasi Waafrika. Hoja hiyo ina uzito. Sisi tunaongeza moja, inayotoka katika lugha. Kiswahili hakimwiti mgonjwa wa namna hii jini. Kinasema ana jini, ana mapepo, amepagawa. Katika "ana" hiyo mtu bado yupo. Kitu kimemwingia, na kilichoingia kinaweza kutoka. Ndiyo maana tunamfanyia maombi. Ukishasema huyu ni jini, mtu ameondoka katika sentensi, na hakuna wa kumwombea.

Waliotunga gemu hili hawakusahau kabisa. Katika kijiji cha kwenye kinamasi kuna shajara ya kijana mwenyeji. Anaeleza jinsi wageni walivyoleta dawa wakisema ni ya kuwakinga, na jinsi kijiji chake kilivyobadilika baada ya hapo. Inauma kuliko ile ya mtunza mbwa. Lakini inafika mchezaji ameshaangusha watu asiowakumbuka idadi. Kijana wetu alikuwa amelimaliza gemu mara mbili. Shajara hiyo alikuwa hajaisoma hata mara moja.

Na kuna jambo zito zaidi, karibu na mwisho. Chris anashambuliwa na Jill Valentine, rafiki yake wa tangu lile jumba, ambaye alidhaniwa amekufa. Hajitawali, amefungwa kifuani chombo kinachomwendesha. Hapo sheria za mchezo zinageuka ghafla. Ukimwua Jill, umeshindwa. Inakupasa umkamate, umshike, mwenzako aking'oe kile chombo, mkirushwa huku na kule na kurudia tena. Mwishowe chombo kinang'oka na Jill anarudi kuwa Jill.

Kumbe gemu linajua kabisa kwamba anayeendeshwa na kitu kingine anaweza kufunguliwa. Linajua kwamba inahitaji uvumilivu, na kwamba mwenye kuokoa ataumia. Linalijua hilo kwa yule ambaye shujaa anamfahamu kwa jina. Kwa wengine wote limetoa risasi.

Hapa tulifungua Injili ya Marko, sura ya tano. Yule mtu wa makaburini alikuwa wa kutisha kuliko yeyote wa Kijuju: amekata minyororo, analia usiku na mchana, anajikata kwa mawe. Yesu hakuondoka na hakumpiga. Aliuliza jina. Jibu lilitoka kwa pepo, lakini swali lenyewe lilisimama katikati ya mtu na kilichomwingia. Mwisho wake mtu ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, na anatumwa arudi nyumbani kwa watu wake. Wenyeji walipomwona amepona ndipo walipoogopa, wakamsihi Yesu aondoke kwao. Tunadhani walikuwa wamezoea kumjua kama kitu cha makaburini, na sasa iliwabidi wamjue kama jirani.

Tungeishia hapa kama kosa lingekuwa la Wajapani peke yao. Lakini sisi ni watu wa Simiyu. Kabla ya mkoa huu kuundwa mwaka 2012 Bariadi ilikuwa Shinyanga, na hakuna mzee hapa asiyejua habari za vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu. Ni macho ya mtu aliyepika maisha yake yote kwa kuni, kwa mabua ya pamba, kwa samadi iliyokauka, ndani ya nyumba isiyo na pa kutolea moshi. Mwaka ule ule wa 2009 gemu lilipotoka, serikali ilisitisha leseni za waganga wa jadi kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, na mwezi Septemba mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kifo kwa kumwua mtoto mwenye ualbino. Wakati wenzetu wanabishana juu ya damu ya kwenye kioo, huku damu ilikuwa mlangoni.

Na huku mpangilio ni kinyume. Kijuju umati ni wa wagonjwa, na wazima ni wawili waliozingirwa. Mwanzoni mwa gemu kuna mtu mwenye kipaza sauti anayeuchochea umati huo umwue mtu mmoja hadharani, na mchezaji anautazama kwa dirisha akitetemeka. Kwetu anayezingirwa ni bibi mmoja, usiku, na umati ni watu wazima wa afya, waliokula chakula cha jioni na wengine wamesali. Neno lao ni mchawi. Nalo halina "mwenye" wala "ana". Linammeza mtu mzima.

Msiseme ni watu wa vijiji vya mbali. Katika usharika wetu yupo bibi ambaye, baada ya mtoto wa jirani yake kufariki, minong'ono ilianza. Hakuna aliyemgusa. Tulimkalia mbali tu. Benchi lake likawa na nafasi hata Jumapili ya sikukuu, wakati wengine wamesimama mlangoni. Zamani tulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi. Bila kukubaliana popote, tukaanza kusema "yule wa kule kisimani." Baadhi yetu tunaoandika makala hii tulihama benchi lile. Tulitambua hivyo mbele ya televisheni ya kijana wa watu, siku ya Jill.

Kwa hiyo, mama, jibu letu ni hili. Usiichome diski. Mtoto mdogo asiicheze, hilo hatubishani. Lakini mwanao ni kijana mkubwa. Kaa naye, na mkifika kinamasini mwambie asimame aisome ile shajara kwa sauti, neno kwa neno, kabla hajapiga mtu mwingine. Mpe na lile la zamani, ajifunze kuwa na risasi chache. Kisha muulize, na ujiulize, ni nani mtaani kwenu ambaye habari zake hamzijui ila lile neno aliloitwa.

Sisi tulikwenda kwa bibi. Tulimsalimu shikamoo, tukamwita kwa jina la mwanawe, akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba tulidhani hakusikia. Moshi ulikuwa umejaa ndani, na macho yetu sote yakawa mekundu kama yake. Kisha akavuta vigoda. "Mmechelewa," akasema, "uji umepoa." Tuliunywa hivyo hivyo.

Bwana atusaidie, Jumapili ijayo asikae peke yake.