Namna ya kuitambua programu iliyojengwa vizuri

Mnunuzi wa matofali ya kuchoma hapa Kabambare hugonganisha mawili na kutega sikio: lililoiva hulia, bichi hunyamaza. Programu huria iliyojengwa kutoka msimbo chanzo kwenye Linux nayo ina mlio wake. Kabla hujamkabidhi fundi kompyuta ya shule au ya zahanati, jifunze kuusikia.

Kwanza, uliza msimbo umetoka wapi. Fundi mwangalifu huupakua pamoja na maktaba zote ambazo msimbo huo unazitegemea, maana mega za intaneti zikiisha katikati kazi hulala. Kisha hulinganisha alama za sha256sum na kuhakiki saini ya waandishi. Hata hivyo, saini peke yake haitoshi. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya programu ya kubana mafaili, xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Kifurushi kilikuwa na saini, lakini kilibeba maagizo ya ujenzi ambayo hayakuwamo kwenye hazina ya Git. Kilichomshtua ni kuingia kwa ssh kwenye kompyuta yenye xz hiyo kuchelewa kama nusu sekunde. Hilo ndilo sikio la mjuzi.

Pili, tazama anavyojenga. Kwetu umeme ni wa jua: fundi mzuri huanza ujenzi kwa amri ya make asubuhi jua likipanda, si jioni betri ikizimia. Mashine yenye RAM ya gigabaiti 2 haibebeshi -j8, yaani kazi nane kwa wakati mmoja. Huipa -j2, iende polepole lakini ifike. Wala haruki majaribio ya make check, kwani programu kufunguka si sawa na programu kufanya kazi.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, mwambie aiondoe programu hiyo. Aliyemwaga mafaili ndani ya /usr, katikati ya vitu vya mfumo, ataanza kubahatisha. Anayejua kazi huipa kila programu saraka yake chini ya /usr/local/stow, GNU Stow ikaiunganisha na mfumo kwa viungo. Viungo hivyo hutolewa kwa amri moja tu, stow -D, kisha saraka yake hufutwa. Asiyeweza kutoa alichoweka hajui alichoweka.

Mwisho, omba daftari: toleo, tarehe, chaguo zote za ./configure, na nakala ya msimbo kwenye diski. Fundi anaweza kuhamia Kasongo au Kindu kesho. Mpe kijana mwingine daftari na diski hiyo, bila mega hata moja. Akijenga programu ileile ikapita majaribio, tofali limelia.