Mkono Usiogusa

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha mazoezi, nyayo zake zikiwa sakafuni. Msaidizi wa fiziotherapia alikuwa amepiga goti upande wake wa kulia, ule uliolemaa. Hakumshika. Alimwambia tu, "Mama, rudisha miguu nyuma kidogo," kisha akanyamaza. Nilikuwa kwenye benchi la ukutani nikihesabu moyoni. Nilipofika 8 nilitaka kuinuka nikausukume ule mguu mwenyewe. Nilipofika 11 mguu ulisogea, labda upana wa kidole kimoja, ukarudi nyuma.

"Vizuri," akasema. "Tena."

Kiharusi kilimpata alfajiri, nyumbani Njoro, akitoka kukama. Baada ya wodi tuliambiwa tumpeleke fizio, na kwa miezi mitatu tukawa tunashuka Nakuru mara mbili kwa wiki, hadi kwenye chumba kirefu chenye nguzo mbili za kushikilia, kioo cha ukuta mzima, ngazi ya mbao ya vidato vinne isiyokwenda popote na kreti kuukuu ya soda. Sikuwa na kazi pale ila kungoja. Basi nilitazama, na jinsi nilivyotazama ndivyo nilivyoona kwamba mbele yangu palikuwa na fundi.

Mpango wa matibabu haukuwa wake. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyempima Mama siku ya kwanza: nguvu za misuli, viungo vinavyokunjika na visivyokunjika, kama anahisi mguso, kama anaweza kuketi bila kuegemea. Akaandika faili, akaweka malengo. Msaidizi huipokea faili hiyo na kuitia mwilini mwa mgonjwa, siku baada ya siku, kisha hurudi kueleza alichokiona. Marekani kazi hii ina masomo yake na cheti chake. Wahitimu wa kwanza, watu 15, walitoka mwaka 1969. Kwetu Kenya mtaalamu mwenye stashahada husoma miaka mitatu katika chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, na tangu Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014 kuna baraza linalosajili watu wa taaluma hiyo. Wasaidizi hawana jina kubwa hivyo. Wagonjwa wote walimwita huyu "daktari", na kila mara alijibu kwa upole, "Mimi ni msaidizi, daktari ni yule pale." Mwanzoni nilidhani ni unyenyekevu. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa analinda mpaka wa kazi yake.

Sisi nyumbani tulikuwa tumekosea. Kila tulipotaka kumwinua Mama, mmoja wetu alimshika mkono wa kulia na kuvuta. Ulikuwa mkono mzito, umelegea, na kuuvuta tuliona ni huruma. Wiki ya pili akaanza kulia usiku kwa maumivu ya bega. Msaidizi hakutugombeza. Aliweka vidole viwili juu ya bega la Mama, akaniita, akaniwekea vyangu palepale. Palikuwa na kishimo. Bega, alinieleza, halina tundu refu kama la nyonga. Mfupa wa mkono umening'inia tu, umeshikwa na misuli. Misuli ikilala, mfupa unateremka, na anayeuvuta mkono anazidi kuutoa mahali pake. Kuanzia siku hiyo mkono ule uliwekwa juu ya mto kila alipoketi, na hakuna aliyeuvuta tena.

Kisha akatufundisha kuinua mtu. Asogee kwanza hadi ukingoni mwa kiti. Nyayo zirudi nyuma ya magoti. Ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Hapo ndipo makalio yenyewe huinuka, kwa sababu uzito umekwisha kuhamia miguuni. Anayejaribu kusimama akiwa wima hurudi kitini kama gunia. Msaidizi mwenyewe husimama upande dhaifu, goti lake limezuia goti la mgonjwa lisije likakunjika ghafla, mkono mmoja kwenye mshipi aliomfunga kiunoni.

Na mkono wa pili? Huo ndio niliokuwa nautazama. Ulikaa nyuma ya mgongo wa Mama, viganja viwili hivi kutoka kwenye sweta yake, vidole vimefunguka. Mama alipoyumba, ulikuwa umeshafika. Alipojirudi, ulikuwa umeondoka kabla hajauegemea. Wiki za mwanzo ulimgusa kila hatua. Kufikia mwezi wa pili ulikuwa unamfuata tu hewani, naye Mama hakujua uko wapi. Nimeona mafundi wengi mjini humu, maseremala wa Bondeni, washonaji, makanika, na wote ustadi wao unakaa pale mkono unapogusa kitu. Wa huyu ulikaa katika kujua lini mkono usiguse. Ukimsogezea mtu mguu wake, umeusogeza wewe. Ubongo uliojeruhiwa haujafanya kazi yoyote, na kujifunza upya ni kazi ambayo hakuna anayeweza kumfanyia mwingine. Kwa hiyo msaidizi hungoja. Hesabu ya 11, hesabu ya 15. Kukaa kimya mbele ya mtu anayejitahidi hivyo, bila kumkatia njia, kunahitaji moyo ambao mimi mwanawe sikuwa nao.

Watu wengi humu hudhani fizio ni kukandwa. Wanakuja na chupa ya mafuta mfukoni, wanalala, wanangoja. Alikuwapo kijana mmoja wa boda boda, amevunjika paja kwenye barabara ya Salgaa, ametiwa chuma ndani ya mfupa. Barabara ile inajulikana nchi nzima kwa ajali zake. Usiku wa kuamkia 31 Desemba 2017, pale Migaa, basi na lori viligongana na watu zaidi ya 30 wakafa. Magazeti huhesabu waliokufa. Waliobaki hai na mifupa iliyovunjika huishia kwenye vyumba kama hiki, na hesabu yao haiandikwi ukurasa wa mbele.

Siku moja kijana yule alilalamika shavu la mguu linamuuma, akaomba akandwe. Msaidizi alikunja suruali, akatazama mguu mmoja, akatazama wa pili. Akatoa futi ya fundi cherehani, akazungusha shavu la kulia, kisha la kushoto, mahali palepale chini ya goti. Tofauti ilizidi sentimita 3. Akagusa ngozi kwa mgongo wa mkono: moto. Akamfunika, akamwambia asiinuke, akaenda kumwita mtaalamu. Hakumkanda hata kidogo. Damu ikiganda ndani ya mshipa wa mguu, kukanda kunaweza kuling'oa lile donge likasafiri hadi mapafuni na kuua. Kijana alipelekwa hospitali siku ileile, na kweli likaonekana donge. Aliporudi wiki kadhaa baadaye, msaidizi aliendelea na magongo yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na magongo yenyewe ni somo. Mimi nilidhani gongo ni la kuegemeza kwapa. Msaidizi alipenyeza vidole viwili kati ya kwapa na gongo. Visipopita, gongo ni refu. Kishikio alikiweka usawa wa kifundo cha mkono ulioachwa ukaning'inia, ili kiwiko kikunjike kidogo. Uzito ni wa viganja. Mwenye kuegemea kwapa hubana mshipa wa fahamu unaopita hapo, akapona mguu huku kiganja kimelegea. Kisha kreti ya soda ikawekwa sakafuni. "Kupanda, mzima atangulie. Kushuka, mgonjwa atangulie." Kijana aliyarudia maneno hayo akipanda na kushuka mara 10, jasho likimtiririka asubuhi ya baridi.

Nilimuuliza kwa nini kreti, na ngazi iko pale. Akanijibu kwamba hakuna mgonjwa wake anayeishi kwenye ngazi ya mbao. Wanaishi wanakolazimika kupanda matatu, na kidato cha matatu kiko juu, kinafanana zaidi na kreti. Aliuliza kila mtu mambo ambayo sikuwahi kumsikia mtu wa hospitali akiuliza: choo chenu ni cha shimo au cha kukalia? Maji mnachota wapi? Kitanda kina urefu gani, kinafika goti? Mama mmoja mzee kutoka Subukia, aliyebadilishiwa nyonga na kukatazwa kuchuchumaa, alichorewa kwenye karatasi kiti cha mbao chenye tundu katikati, na vipimo vyake, akampelekee fundi. Karatasi ile naiona ni tiba sawa na dawa yoyote aliyopewa.

Kwenye faili ya Mama, mbele ya neno lengo, mtaalamu alikuwa ameandika: kukama. Ndivyo Mama alivyojibu alipoulizwa anataka nini. Msaidizi, aliyekulia Molo kati ya ng'ombe, alikuja na wazo, lakini alilipeleka kwanza kwa mtaalamu. Nilimwona akieleza kwa mikono, mtaalamu akitikisa kichwa kukubali. Wiki iliyofuata alijaza maji kwenye glavu ya mpira, akaifunga, akaitundika kwenye nguzo, akatoboa kidole kimoja kwa sindano. Mama akatazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue. Kidole gumba na cha shahada vilibana juu. Vingine vilikataa. Siku hiyo maji hayakutoka, wala siku iliyofuata. Msaidizi aliandika yote: majaribio 12, kidole cha kati kimesogea mara 2, presha kabla na baada, amechoka dakika ya 15, tumeacha. Nilisoma ukurasa ule juu ya bega lake. Hakukuwa na sentensi ya kutia moyo hata moja. Zilikuwa tarakimu tu, na chini yake sahihi.

Tone la kwanza lilianguka wiki ya tisa.

Siku ya mwisho tulitembea hadi stejini, mimi nyuma ya Mama, mkono wangu viganja viwili kutoka kwenye sweta yake. Makanga wa matatu ya Njoro aliruka chini, akaunyoshea mkono wa kulia wa Mama ili amvute, kama tulivyokuwa tukifanya sisi. Mama akaurudisha mkono wake kifuani. "Ngoja," akamwambia. Akashika chuma cha mlango kwa kushoto, akaweka mguu wa kushoto juu. Dereva alikuwa anaungurumisha injini. Abiria walikuwa wanatazama. Nikaanza kuhesabu.