Nani Anipangie Habari?

Mwaka jana mwalimu mwenzangu alifariki huko Muleba. Tangazo liliwekwa mtandaoni siku hiyo hiyo. Mimi, hapa Bukoba, nililiona siku ya nne, chini ya vichekesho. Walikwisha kumzika.

Ndugu msomaji, programu hizi hupanga habari kwa kukisia kitakachonizuia nisiweke simu chini, si kwa ninachohitaji kujua. Ulaya, tangu Agosti 2023, sheria inailazimisha mitandao mikubwa kumpa mtumiaji mpangilio usiotegemea kuchunguzwa tabia zake. Ni hatua njema. Hata hivyo, kitufe kilichofichwa hakimsaidii mzee wa miaka sabini na kadhaa. Kiwekwe mbele, kwa Kiswahili. Chuoni tuliwafunza walimu wamwache mwanafunzi achague kitabu mwenyewe. Mtu mzima asinyimwe hilo.