Dizeli Haipimwi kwa Pua

Pale Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, kila dereva wa trela ni bingwa wa dizeli. Huipaka kidoleni, huinusa, huangalia inavyokauka, kisha hukata kauli: imechakachuliwa. Pengine ni kweli, lakini pua haijui kiasi. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuyachanganya na dizeli kusiwe na faida. Anayetaka ushahidi huenda maabara, na huko hukabidhiwa karatasi yenye vilele. Hiyo ndiyo ya kujua kuisoma.

Tone la dizeli hugeuzwa mvuke na kusukumwa na gesi ya heli ndani ya mrija mwembamba, mara nyingi wa mita 30, uliopakwa utando kwa ndani. Viambato vikiwa ndani ya gesi huenda kwa kasi moja. Tofauti ni muda vinaonasa kwenye utando. Ni kama matrela yaliyotoka Nakuru pamoja: lipo linaloipita Salgaa moja kwa moja, lipo ambalo dereva wake anaagiza nyama choma na kulala. Eldoret hayafiki pamoja. Vyepesi hutangulia, vizito hufuata, na kila kinachofika mwisho wa mrija huchorwa kama kilele kwenye karatasi. Mrusi Mikhail Tsvet, aliyeanzisha mbinu hii ya kutenganisha viambato mwanzoni mwa karne ya 20 kwa rangi za majani na unga wa chaki, aliona matabaka kwa macho. Sisi twaona vilele tu.

Usihadaike na urefu wa kilele, tazama umbo. Kizuri ni chembamba, na pande zake zalingana. Kikipanda wima kisha kikashuka polepole kwa mkia mrefu, shuku mrija uliochakaa au kuchafuka. Kikipanda taratibu na kuanguka ghafla, mpimaji amezidisha sampuli. Mstari wa chini ukiinuka kidogo joto linapopandishwa, si neno. Ukiyumbayumba, irudishe karatasi.

Sasa penye ugumu. Dizeli safi huonyesha vilele vingi mfululizo, kutoka molekuli za kaboni kama 10 hadi 20 na kitu, vikipanda na kushuka kwa mpangilio. Mafuta taa yana kaboni kama 9 hadi 16, kwa hiyo huingia humo humo. Anayekuonyesha kilele kimoja akasema “hiki ndicho mafuta taa” hajui kazi yake. Utakachoona ni nundu upande wa kushoto, na nundu hiyo huonekana vizuri ukiwa na karatasi ya dizeli halisi kando yake, iliyopimwa kwa mashine ile ile na kwa joto lile lile.

Basi mwenye magari, peleka sampuli kwenye chupa ya glasi iliyojaa na kufungwa barabara, maana vyepesi vikiponyoka njiani dizeli chafu yaweza kuonekana safi kuliko ilivyo. Na ukipewa asilimia bila karatasi mbili za kulinganisha, usiilipie.