Mizani ya Herufi 16

Kijiroboti changu kina magurudumu mawili na kazi moja: kufuata tepu nyeusi niliyoibandika kwenye karatasi ya manila. Kabla hakijaanza, sharti kifundishwe weusi ni upi na weupe ni upi, maana mwanga wa dirishani si mwanga wa taa. Zamani nikikizima kilisahau yote, nami asubuhi naanza upya. Siku nilipokipa kumbukumbu na skrini ndipo nilipoonja utamu wa kazi hii.

Kumbukumbu yenyewe ni EEPROM, ambayo haifutiki umeme ukikatika. Arduino Uno, bodi inayokiongoza kijiroboti, ina baiti 1,024 tu za aina hiyo. Natumia sita. Vihisi viwili vya mwanga huchukua mbilimbili, kwa kuwa vipimo vyake hufika 1,023 na baiti moja hukomea 255; ya tano ni ya mwendo. Ya sita ndiyo niipendayo zaidi. Kumbukumbu isiyoandikwa lolote husomeka 255 kila mahali, na 255 kwa mota ni mbio za mwisho. Mara ya kwanza kijiroboti kiliiamini namba hiyo, kikachomoka mezani hadi sakafuni. Sasa baiti ya sita ina alama yangu. Kisipoikuta, kinajua hakijafundishwa, kinatulia kusubiri.

Kuandika nako kuna adabu yake. Kila baiti ina dhamana ya kuandikwa mara 100,000, na kila mara huchukua milisekunde tatu na ushei. Ukiandika mfululizo, dhamana inaisha ndani ya dakika sita! Basi soma kwanza. Namba ikiwa ileile, iache.

Skrini ina mistari miwili, kila mmoja herufi 16. Shairi letu la kawaida nalo lina mizani 16 kwa mshororo, nane kwa nane, ila huko tunahesabu silabi, hapa hata nafasi tupu inahesabiwa. "Mwanga wa kushoto" ni 17: ile o ya mwisho imo ndani ya skrini lakini haionekani. Jioni nzima nilipima maneno, nikabaki na "Mwanga kushoto", nikaridhika nao kama mtunzi aliyepata kina.

Kisha mwendo ukashuka kutoka 100 hadi 99, skrini ikaandika 990. Sifuri ya zamani ilikuwa bado imekaa palepale. Nikaongeza nafasi tupu moja baada ya namba, ikaifunika.