Lugha ya Mtihani na Haki ya Mwalimu Kiziwi

Mjini Thika, shule ya wasioona imedumu tangu miaka ya 1940, na hati ya nukta nundu imezoeleka. Aghalabu huchukuliwa kwamba mtihani ukishageuzwa sura, haki imetendeka. Dhana hiyo haimtoshi mtahiniwa Kiziwi. Nukta nundu ni hati tu: sentensi ya Kiingereza hubaki ya Kiingereza. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili, yenye sarufi itumiayo mikono, uso na nafasi kwa pamoja. William Stokoe alikwisha kulidhihirisha jambo hili kuhusu lugha ya ishara ya Marekani mwaka 1960.

Na uchukuliwe mfano wa kijana Kiziwi wa Mugutha, upande wa Ruiru, atafutaye cheti cha ualimu. Swali lamtaka aeleze namna ya kumfundisha mtoto kugawanya. Akikwama, mtahini hawezi kujua alichokosa: ni mbinu za kufundishia, au ni Kiingereza cha swali? Kumwongezea dakika hakuondoi utata huo.

Wala kumweka mkalimani peke yake si dawa. Wakalimani wawili waweza kulifasiri swali moja kwa namna mbili. Tena baadhi ya ishara huchora kitu chenyewe: swali likiuliza pembetatu ina pande ngapi, mkono unaoichora hewani umekwisha kulijibu. Kwa hiyo tafsiri haina budi kuandaliwa mapema na walimu Viziwi pamoja na wanaisimu, ijaribiwe, kisha irekodiwe kwa video ili watahiniwa wote waone swali lile lile. Majibu nayo yatolewe kwa ishara, yarekodiwe, na yasahihishwe na mtahini aijuaye lugha hiyo.

Wapo watakaodai kwamba mwalimu sharti ajue kusoma na kuandika Kiingereza au Kiswahili. Dai hilo lina uzito. Basi ujuzi huo upimwe katika karatasi yake wenyewe, usipimwe kwa siri katika kila karatasi.

Mkutano wa Milan wa 1880 uliutukuza usemi, na walimu Viziwi wengi wakaondolewa madarasani. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 120, imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Lugha itoshayo kujadilia sheria za nchi haiwezi kusemwa kwamba haitoshi kumtahinia mwalimu.