Kuvuka Iowa kwa Siku Saba: Uhakiki wa Njia

Majina manane ya miji. Hivyo ndivyo RAGBRAI, safari ya baiskeli ya kuvuka jimbo la Iowa nchini Marekani, inavyotangazwa mwishoni mwa Januari: mji wa kuanzia upande wa magharibi, miji sita ya kulala, na mji wa kumalizia kando ya mto Mississippi. Miji midogo ya katikati na barabara zenyewe hutajwa baadaye. Wapanda baiskeli huyaunganisha majina hayo kwa kidole kwenye ramani, na mjadala huanza papo hapo: mwaka huu njia ni ndefu au fupi, ina vilima au haina. Mjadala huo unatuficha mengi. Urefu na vilima ni malighafi tu. Njia ya aina hii ni utungo, na utungo hupimwa kwa mpangilio wake: msafiri anapumzishwa wapi, anageuzwa wapi, ugumu umewekwa siku gani, na mtunzi alikuwa akimfikiria nani alipokuwa akichora.

Masharti ya utungo huu ni machache na ni makali. Njia hutoka magharibi kwenda mashariki. Kwa desturi msafiri huchovya gurudumu la nyuma katika mto Missouri kabla ya kuondoka, na la mbele katika Mississippi anapofika. Safari huchukua wiki kamili ya mwisho ya Julai, Jumapili hadi Jumamosi, na kwa wastani ni kama kilomita 750, yaani zaidi ya kilomita 100 kila siku. Ncha mbili zimefungwa, katikati pako wazi. Aliyewahi kutunga tarbia anaijua hali hii: kina cha bahari kimeamuliwa tangu ubeti wa kwanza, na umbuji wote unatafutwa katika namna ya kukifikia kila mara bila kumchosha msikilizaji.

Lakini hapo katikati hapako wazi kama panavyoonekana. Ardhi ya Iowa ilipimwa na serikali ya Marekani kwa utaratibu ulioanzishwa mwaka 1785, wa kuigawa nchi katika miraba yenye upande wa maili moja, ambayo ni kilomita 1.6. Barabara za mashambani zikafuata mipaka ya miraba hiyo. Matokeo yake ni jimbo ambalo sehemu yake kubwa ina barabara za aina mbili tu: zinazokwenda mashariki na magharibi, na zinazokwenda kaskazini na kusini. Kutoka Sioux City, kaskazini-magharibi, hadi Davenport, kusini-mashariki, hakuna mshazari, kuna ngazi. Unakwenda mashariki, unashuka kusini, unarudi mashariki. Kwa hiyo mtunzi wa njia hachagui mistari, maana mistari ilikwisha kuchorwa zaidi ya karne moja na nusu iliyopita. Anachochagua ni kona, na ni kwenye kona ndipo mkono wake unapoonekana.

Tazama kona moja inavyofanya kazi. Upepo wa Julai katika nchi hiyo huvuma mara nyingi kutoka kusini. Msafiri anayekwenda mashariki anaupata ubavuni, anauzoea, anauegemea. Akigeuzwa kusini kwa kilomita 12, upepo uleule unakuwa wa mbisho, na maelfu ya watu waliokuwa wakizungumza wananyamaza na kuinamisha vichwa. Kilomita hizo 12 zikiwekwa saa 1 asubuhi, ni za kuamsha mwili tu. Zikiwekwa saa 9 alasiri, joto likiwa limepita nyuzi 32 na mahindi ya pande zote mbili yakiwa marefu kuliko mtu, zinaweza kuiharibu siku nzima. Hesabu ya urefu na ya vilima haibadiliki hata kidogo. Siku imebadilika yote. Mwelekeo wenyewe wa mashariki nao una gharama yake: wanaoondoka alfajiri hupanda na jua likiwa usoni, na dereva anayetoka nyuma yao naye analitazama jua hilohilo. Mtunzi makini hutafuta kipande cha kaskazini au kusini kwa ajili ya saa hiyo.

Jambo la pili linalofanya njia hii isomeke ni miji midogo. Mingi ilizaliwa na reli katika karne ya 19, ikapangwa kwa umbali ambao mkulima angeweza kupeleka nafaka kwa gari la farasi na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ndiyo maana kila baada ya kilomita 10 au 15 unatokea mnara wa maji, ghala la nafaka, kanisa, na chini ya kanisa wanawake na wanaume wa mji wakiuza pai za matunda. Mwendo huo wa pumzi, kazi kisha kituo, uliwekwa na farasi, na baiskeli imeurithi. Njia nzuri haiuvunji bila sababu. Mahali barabara inapopita kilomita 30 bila mji, hasa mchana, mimi huuliza sababu iko wapi: daraja linatengenezwa, au barabara ya lami imekwisha na iliyobaki ni ya changarawe? Kama haipo, hilo ni kosa la utunzi, hata ramani ikipendeza vipi.

Mfano bora wa kosa lililogeuka kuwa hazina ni safari ya kwanza yenyewe, ya Agosti 1973. John Karras na Donald Kaul, waandishi wa gazeti la Des Moines Register, walitaka kuvuka jimbo kwa baiskeli na kuandika waliyoyaona, wakawaalika wasomaji wafuatane nao. Siku zilikuwa sita: Sioux City, Storm Lake, Fort Dodge, Ames, Des Moines, Williamsburg, Davenport. Ukiisoma kama utungo, nusu ya kwanza ni ya busara sana. Kuanzia Storm Lake hadi Des Moines njia iko juu ya ardhi iliyosawazishwa na barafu ya kale, na kipande cha Ames hadi Des Moines ni kifupi kuliko vyote. Watu wapatao 300 waliondoka Sioux City. Siku ya Ames, kundi lilifika kama 500. Siku fupi, karibu na mji mkubwa, iliwafungulia mlango waliokuwa wakichungulia.

Kisha, mara tu baada ya mlango huo, ikaja Des Moines hadi Williamsburg: kilomita 177 katika joto kali. Huo si mpangilio, ni kumtupa mtu. Watu 114 tu ndio waliokamilisha njia yote. Hata hivyo siku hiyo ndiyo iliyobaki katika kumbukumbu, kwa sababu mmoja wa waliofika Williamsburg alikuwa Clarence Pickard, mzee wa miaka 83 kutoka Indianola, kofia ya jua kichwani, juu ya baiskeli ya kike.

Mwaka 2023, kwa safari ya 50, waandaaji walirudi kwenye ncha zilezile, Sioux City na Davenport, kwa karibu kilomita 800. Badiliko lao bora zaidi liko hapohapo penye jeraha: kati ya Des Moines na mashariki waliingiza Tama na Toledo, kisha Coralville, na ubeti mmoja uliokuwa umevimba ukawa beti mbili. Lakini uaminifu kwa kumbukumbu uliwafunga. Kulala Ames na Des Moines tena kulimaanisha kuupeleka umati mkubwa kupita kiasi katika sehemu ya jimbo yenye magari mengi zaidi, na siku za katikati zilikosa ule utulivu wa mashambani unaofanya watu waipende safari hii.

Karras aliamini kwamba kila safari inastahili siku moja ya maili 100, kilomita 160. Miaka ambayo njia kuu haina siku hiyo, huongezwa kitanzi cha hiari kilichopewa jina lake: unaacha njia, unazunguka, unarudi kuungana na wenzako kabla ya mji wa kulala. Kwa maoni yangu hakuna uvumbuzi wa umbo uliozidi huu katika historia yote ya RAGBRAI. Watu wawili wenye nguvu tofauti wanaisafiri siku moja kwa urefu tofauti, na jioni wanakula meza moja. Mtunzi hakulazimika kumwadhibu mnyonge ili kumridhisha mwenye misuli.

Safari mbili za karibuni zinaonyesha jinsi ugumu unavyoweza kupangwa kwa njia zinazopingana. Ile ya 2024 ilikwenda kusini, kutoka Glenwood hadi Burlington, karibu kilomita 680 za vilima vinavyopanda na kushuka bila kukoma. Ni njia ya sauti moja. Kila siku inadai kilekile, na ifikapo siku ya nne msafiri hatofautishi tena kilima na kilima. Ile ya 2025 ilipita kaskazini, Orange City hadi Guttenberg, karibu kilomita 650. Ilianza kwenye tambarare, ikapita maziwa karibu na Milford, na ikaiacha siku ya mwisho iingie katika pembe ya kaskazini-mashariki ambako barafu haikulainisha kitu: mabonde makali, barabara zilizolazimika kujikunja, na mteremko mrefu kwenda Mississippi. Ugumu ulicheleweshwa, ukaja mahali ambapo mto ulikuwa tayari umekaribia. Kwa mpangilio wa ndani, naiweka juu ya ile ya 2024 bila kusita.

Dai langu kwa njia ya 2025 ni moja. Orange City iko mbali na Missouri. Glenwood, pamoja na kasoro zote za wiki iliyofuata, iko kwenye vilima vya udongo laini uliopeperushwa na upepo na kulundikana kando ya mto huo, na miraba ya wapimaji inavunjika pale kama inavyovunjika Guttenberg. Njia inayoanzia pale inakuwa na barabara za kujikunja katika ncha zote mbili, na ngazi zilizonyooka katikati. Njia ya 2025 ina ncha moja tu ya namna hiyo. Waandaaji wakitaka kaskazini tena, Sioux City, kando ya Missouri, bado ipo, na kutoka hapo hadi Orange City ni siku moja ya baiskeli.